Kigari kisicho na dereva kinapopotea kando ya matangi ya shaba

*"Jambo Injinia. Mimi ni mkuu wa zamu katika kiwanda cha shaba upande wa barabara ya Likasi. Kathodi, yale mabamba ya shaba safi, zikitoka kwenye ukumbi wa elektrolizi, ambako umeme hugandisha shaba ndani ya matangi ya asidi, tunazifunga mafungu ya tani mbili na zaidi, halafu forklifti zinazipeleka uwanjani kusubiri malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa. Njia yote ni kama mita 200, nusu chini ya paa, nusu nje. Mwaka jana tuliletewa kigari cha majaribio kisicho na dereva, kinachofuata utepe wa sumaku uliobandikwa sakafuni. Uwanjani kilikwenda vizuri, lakini kila kilipokaribia matangi kiliyumba, na mara mbili kiliacha utepe kabisa. Muuzaji anasema sumaku ni mambo ya zamani, tununue cha leza, kwamba leza haijali vumbi wala mvuke. Mwenzangu anasema dawa ni GPS. Wakubwa wanataka ushauri wangu kabla kiangazi hakijaisha, nami si mtu wa elektroniki. Ni ipi inayofaa mahali kama petu? Na nitajuaje kwamba hakitamgonga mtu wangu?"*

Ndugu yangu, swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, na nitalifikia. Kwanza tukiondolee lawama kigari chenu. Hakikuwa kibovu, wala utepe haukushindwa kwa sababu ya uzee. Kilipelekwa mahali ambapo sauti inayokiongoza ilizidiwa na kelele.

Chini ya tumbo la kigari cha aina hiyo kuna safu ya vihisi vya sumaku. Kila kihisi kinapima nguvu inayotoka kwenye utepe. Penye nguvu zaidi ndipo utepe ulipo, na usukani unafuata hapo. Nguvu yenyewe ni ndogo, militesla chache tu (militesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) kwa kimo ambacho vihisi vinaning'inia. Sasa angalia matangi yenu. Kila tangi linakula volti mbili hivi, lakini ampea ni maelfu kwa maelfu, maana kiasi cha shaba kinachoganda kwenye kathodi kinafuata ampea. Tuchukue ukumbi wenye ampea 30,000. Simama mita tatu kutoka kwenye baa moja ya kupitisha umeme, ndefu, iliyonyooka, yenye mkondo huo: hapo nguvu ya sumaku ni militesla 2. Nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira, hapa kwetu ni kama militesla 0.03. Kwa hiyo matangi yanaweza kukizungumzia kigari kwa sauti sawa na ya utepe wenyewe, na vihisi havina njia ya kujua nani ni nani.

Katika ukumbi halisi hesabu haiwi nyoofu hivyo. Mkondo unakwenda kwa safu moja na kurudi kwa nyingine, na nguvu hizo zinapunguzana hapa na kuongezana pale. Ndiyo maana kigari kiliyumba sehemu fulani na kutulia nyingine. Na kila mnapopandisha au kushusha ampea, ramani hiyo ya nguvu inabadilika. Fundi anaweza kurekebisha vihisi Jumatatu kila kitu kikakaa sawa, kisha Alhamisi SNEL, kampuni ya umeme, wakapunguza umeme, mkashusha mkondo, na marekebisho yote yakawa bure.

Unaweza kujionea mwenyewe leo bila kununua kitu. Chukua simu yenye dira, anza uwanjani, tembea polepole kuelekea ukumbini kwa kufuata njia ya forklifti, ukiwa umenyooka. Tia alama ya chaki pale ambapo sindano inaanza kugeuka ingawa wewe hujageuka. Rudia siku ambayo mkondo uko juu kabisa. Alama hiyo ya chaki itakuwa na thamani kubwa baadaye katika jibu hili, kwa hiyo usiifute.

Utepe una ndugu yake mkubwa, waya uliozikwa. Huyo ndiye mzee wa fani hii: katika miaka ya 1950 kampuni ya Barrett Electronics ya Marekani ilitoa trekta la kuvuta mizigo lililofuata waya bila dereva. Waya unapitishiwa mkondo geu wa mawimbi elfu kadhaa kwa sekunde, na koili mbili kwenye kigari zinasikiliza. Ya kushoto ikisikia zaidi, kigari kinajua kimekwenda kulia. Koili hazisikii sumaku iliyotulia, kwa hiyo mkondo mnyoofu wa matangi hauzisumbui sana. Wengi wakisikia hivyo wanafurahi, wanaita watu wa kukata sakafu. Nakuomba usifanye hivyo ndani ya ukumbi. Sakafu ya elektrolizi haikuwekwa tabaka la kuzuia asidi kwa urembo. Ukichimba mfereji wa waya umefungua mlango kwa asidi ya salfuriki kushuka kwenye zege. Zege linageuka unga polepole chini ya tabaka zima, nondo zinaoza, na utakapoona dalili juu, chini kumekwisha liwa. Nimewahi kuona sakafu iliyoharibiwa namna hiyo kwa mfereji mwembamba kuliko kidole. Kilichookolewa kwenye bei ya kigari hakikutosha hata robo ya matengenezo.

Sasa leza. Muuzaji amekuambia nusu ya ukweli. Kigari cha leza kina kichwa kinachozunguka juu ya mlingoti na kurusha mwale pande zote. Ukutani na kwenye nguzo mnabandika vibao vinavyorudisha mwanga. Kigari kinapima pembe za vibao hivyo, kikiona angalau vitatu kinapiga hesabu ya mahali kilipo, na katika ghala safi kinaweza kukosea kwa sentimita moja tu. Njia ikibadilika mnabadilisha programu bila kugusa sakafu. Ni teknolojia nzuri, naipenda, nimefanya nayo kazi.

Lakini haiwezi kutojali vumbi wala mvuke. Fikiria ukubwa wa vitu. Wimbi la mwanga wa leza nyingi za viwandani halifiki hata mikromita moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe ya vumbi jekundu la kiangazi chetu ni mikromita kadhaa hadi makumi. Kwa wimbi dogo hivyo, chembe hiyo ni jabali: mwanga unaigonga na kutawanyika. Na ukungu wa asidi ukumbini unatokana na kazi yenyewe. Kwenye anodi, bamba la upande wa pili wa umeme, kunatoka viputo vya oksijeni, vinapanda, vinapasuka juu ya maji, na kila kinapopasuka kinarusha matone madogo ya asidi hewani. Matone yanatua kwenye kioo cha leza na kwenye vibao. Kibao kilichong'aa Januari kinakuwa kama bati kuukuu Machi. Kigari hakitasema "nimechafuka". Kitaanza kuona vibao vinne badala ya sita, kisha vitatu, na siku moja viwili. Wewe utaona kigari kimesimama katikati ya njia bila sababu, na zamu nzima itakichukia.

Kuna pia leza isiyohitaji vibao. Wanaiita laida: inapima umbali wa kila kitu kinachoizunguka na kujitengenezea ramani ya kuta na nguzo. Ni nzuri mahali ambapo kuta hazihami. Kwenu, kuta zitakazoonekana uwanjani ni mafungu ya kathodi. Malori yakipakia usiku kucha, asubuhi nusu ya ramani imeshafika Kasumbalesa.

GPS ya mwenzako nayo ina mahali pake. GPS ya kawaida, ile ya simu, inakosea kwa mita kadhaa. Ile yenye kituo cha marejeo kilichofungwa hapo hapo kiwandani, kinachotuma masahihisho kwa redio, inafika sentimita chache. Kwa msingi huo malori makubwa yasiyo na dereva ya Komatsu yanabeba mawe kwenye mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, nchini Chile, tangu 2008. Lakini huo ni mgodi wa wazi, jangwani, mbingu yote inaonekana. Chini ya paa lenu la mabati ishara ya setilaiti haipiti. Kando ya ukuta mrefu inafika ikiwa imegonga ukuta kwanza, ikidanganya kuhusu umbali. Na sisi tulio ukanda wa joto tuna tatizo jingine ambalo wauzaji wa Ulaya hawalizoei: baada ya jua kuzama, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme linaweza kuchafuka na kuzitikisa ishara. GPS peke yake isiwe kiongozi wa kigari cha tani kadhaa kinachopita kwenye geti.

Unaweza kuniuliza, mbona kule kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali, Haut-Uélé, chini ya ardhi ambako hakuna setilaiti yoyote, mashine za kuzoa mawe zinakwenda bila mtu ndani, msimamizi ameketi juu? Ni kweli. Zinasoma kuta za handaki kwa leza na kuhesabu mzunguko wa magurudumu. Lakini tazama kilichofanyika kabla: eneo zinalofanyia kazi limefungwa, na mtu akivuka kizuizi mashine zinasimama. Sehemu kubwa ya usalama pale imejengwa kwenye geti, si kwenye mashine. Ninyi watu wenu wanapita kila dakika.

Kabla sijakuambia ningechagua nini, acha nieleze jinsi kigari chochote kinavyojua kilipo, maana ukilishika hili hakuna muuzaji atakayekuzungusha. Kumbuka unavyotembea nyumbani usiku umeme ukikatika. Unatoka kitandani, unahesabu hatua kuelekea mlangoni, kila hatua unakosea kidogo, kisha mkono unagusa fremu ya mlango na makosa yote yanafutwa. Unaanza kuhesabu upya. Kigari kinafanya hivyo hivyo. Kinahesabu mzunguko wa magurudumu na kupima kugeuka kwake kwa kifaa cha ndani, halafu mara kwa mara kinagusa kitu kisichohama: utepe, kibao, setilaiti. Kuhesabu peke yake hakutoshi. Gurudumu la milimita 200 likilika milimita 2, hesabu yake inakosea kwa asilimia moja: katika mita 100 umepotea mita nzima. Kifaa cha kugeuka kikikosea digrii moja, baada ya mita 50 uko sentimita 87 kando. Na gurudumu likiteleza kwenye sakafu yenye maji, linahesabu safari ambayo haikufanyika. Kwa hiyo swali la kumuuliza kila muuzaji ni moja: katika hewa yangu na sakafu yangu, kigari kitagusa nini, baada ya mita ngapi, na kisipokigusa kitafanya nini? Akijibu "hilo halitatokea", mwachie kahawa yake na uondoke.

Ningekuwa mimi, kigari kisingeingia ukumbini hata kidogo. Ndani mna kreni ya juu na watu wanaojua kazi. Fungu lililofungwa lifikishwe nje ya mlango, mbele ya ile alama yako ya chaki, mahali ambapo dira imetulia na ukungu umepungua, na hapo ndipo kigari kipokee. Umeondoa sumaku, asidi na sakafu ya thamani kwenye hesabu kwa kusogeza mahali pa kukabidhiana mita chache. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwanza. Labda kwa sababu halina kitu cha kuuza.

Kwa njia iliyobaki, ningechagua kitu ambacho hakuna aliyekutajia: vitambulisho vya redio vilivyozikwa sakafuni. Ni vidude vidogo visivyo na betri. Unatoboa shimo dogo kwenye zege, unakidumbukiza, unalifunga kwa resini. Kigari kikipita juu, antena yake inakiamsha, kinajibu namba yake, na kigari kinajua: niko hapa. Kati ya kimoja na kingine kinahesabu magurudumu kwa mita chache tu. Hakuna kioo cha kuchafuka. Vumbi, tope, mvua ya Desemba, giza, vyote vinapita juu bila kuathiri. Bandari zilizopeleka makontena kwa vigari visivyo na dereva, kama ya Rotterdam tangu 1993 na Altenwerder ya Hamburg, zilitegemea vitu vilivyozikwa ardhini, na bahari ina ukungu na chumvi kuliko sisi. Udhaifu wake ni kwamba ukitaka kubadili njia unatoboa upya. Lakini umeniambia mwenyewe: njia yenu ni moja, mita 200, kila siku ile ile. Sifa kuu ya leza ni wepesi wa kubadilika, na ninyi mngeilipia bila kuihitaji.

Masharti mawili. Uwanja uwe zege tambarare. Magurudumu ya vigari hivi ni madogo na magumu, na kwenye udongo mwekundu wa masika hakuna uongozaji utakaoyaokoa. Na kabla ya kutoboa, nondo zipimwe kwa kifaa cha kuskani zege, maana chuma kilicho karibu sana kinadhoofisha jibu la kitambulisho. Kama wakubwa wameshaamua leza na haiwezekani kurudi nyuma, basi vibao viwe sita au zaidi vinavyoonekana kila mahali, vifungwe juu, na kuvifuta kuandikwe kwenye ratiba ya usafi pamoja na jina la mtu. Mlango unaotazama magharibi pia uangaliwe: jua la saa kumi na moja jioni likiingia moja kwa moja kwenye kichwa cha leza linaweza kukipofusha.

Tena, uwaambie wakubwa hili bila kuogopa: kwa mita 200 zisizobadilika, toroli la umeme juu ya reli linaweza kufanya kazi ile ile kwa bei ndogo, na fundi yeyote wa Lubumbashi anajua kulitengeneza. Likishindikana kwa sababu malori yanakatiza njia, sawa. Lakini liwekwe mezani.

Sasa mtu wako. Wengi wanachanganya mambo mawili, na mkanganyiko huu unaua. Kujua kilipo ni kazi moja. Kuona aliye mbele ni kazi nyingine kabisa, inafanywa na kifaa kingine: skana ya usalama iliyofungwa chini mbele ya kigari. Kigari kinaweza kujua kilipo kwa sentimita moja na bado kumgonga mtu sawasawa pale kilipopanga kuwa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3691-4, kilichotolewa 2020 na kurekebishwa 2023, kinahusu vigari hivi hasa. Mwombe muuzaji karatasi ya kuonyesha kwamba kigari kizima kinakifuata, si skana peke yake. Kinadai pia nafasi ya nusu mita kila upande wa njia ili mtu asibanwe ukutani. Chukua futi ya kupimia ukaangalie mwenyewe.

Skana hiyo inatazama kwa usawa, kimo cha sentimita kumi na kitu au ishirini kutoka sakafuni. Inaona miguu. Haioni uma za forklifti zilizoinuliwa, haioni mzigo unaoning'inia kwenye kreni. Nayo ni leza, kwa hiyo vumbi zito italiona kama mtu na kusimamisha kigari. Hilo linaudhi, na hapa ndipo ninapokuomba uwe mkali kama mzazi. Mwezi wa Agosti, vumbi limejaa, uzalishaji umechelewa, mtu atapendekeza kupunguza eneo la ulinzi "kidogo tu", au kuizima wakati wa upepo. Usikubali, hata agizo likitoka juu. Mwageni maji njiani, wekeni rada ya kusaidia kuongoza, ambayo wimbi lake la milimita nne hivi linapita katikati ya chembe za vumbi kana kwamba hazipo. Lakini skana ya kulinda watu haiguswi.

Pimeni breki wenyewe. Wekeni mzigo kamili, lowesheni sakafu, kiacheni kiende kwa mwendo wake wote kuelekea sanduku tupu la kadibodi, mara ishirini. Mkumbuke kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki unaongezeka karibu mara nne. Kisha zimeni umeme wa kiwanda kigari kikiwa njiani, kama unavyokatika kwetu siku yoyote. Kigari kina betri yake, lakini mtandao na kompyuta inayopanga foleni vinategemea SNEL. Kinatakiwa kusimama kwa utulivu, na umeme ukirudi kisiondoke hadi mtu aliyefunzwa akithibitishe.

Mambo mengine hayafanywi kwa barua. Kabla ya kutia sahihi yoyote, ita mtu mwenye kipima sumaku halisi apite njia nzima mkondo ukiwa juu, na mtu wa kuskani zege. Fakulteti ya Polytechnique ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta wote wawili. Majaribio yafanyike kwenu, si kwenye ghala la muuzaji, yaguse kiangazi na masika. Na siku kigari kikikosa kusimama hata mara moja mbele ya kitu, kizimeni, kiwekeni kando, na asikiguse mtu hadi fundi wa mtengenezaji afike kwa miguu yake.

Moja la mwisho, ambalo hukuuliza. Ukizunguka na ile dira, waulize wenzako polepole, mmoja mmoja, kama kuna aliyewekewa kifaa cha umeme cha kusaidia moyo. Kwa watu hao mpaka unaoshauriwa kimataifa kwa sumaku iliyotulia ni militesla 0.5, na tumeona mita tatu kutoka kwenye baa inaweza kuwa 2. Akiwepo, asubiri nje ya alama ya chaki, na aonane na daktari wake wa moyo kabla ya zamu nyingine.